Barua Ipitayo Katika Waya wa Simu

Mambo mengi ya ulimwengu hupita upesi, nayo yakiisha kupita, watoto huuliza, "Je, yalikuwaje?" na wazee hukosa la kujibu, kwa sababu waliyatumia pasipo kuyaangalia. Moja katika hayo ni intaneti ya simu ya waya, ile iliyopigwa kwa namba kama mtu ampigiaye nduguye, ikalia mlio wa ajabu, kisha ikaleta barua. Siku hizi mtoto wa darasa la tano aweza kumpelekea picha shangazi yake aliye mbali kabla maji ya chai hayajachemka, wala hajui ya kuwa palikuwa na wakati ambapo barua moja iliwatoa jasho watu wazima siku nne. Twataka kuieleza habari hiyo, si kwa kusifu mambo ya zamani, maana mengi yake yalikuwa taabu tupu, bali kwa sababu katika taabu ile tulijifunza njia ya kutafuta kosa, nayo ingali yatufaa hata leo.

Kwanza yafaa msomaji ajue kazi yenyewe ilivyokuwa. Waya wa simu ulifanywa kwa ajili ya sauti ya mwanadamu. Bell alipopata hati ya uvumbuzi wa simu huko Marekani mwaka 1876, shabaha yake ilikuwa mtu mmoja anene na mwingine asikie. Hata baada ya miaka mia na zaidi simu ilikuwa ingali ikichukua sauti zilizo kati ya mitetemo 300 na 3,400 hivi kwa sekunde. Sauti nzito kupita hapo, au nyembamba kupita hapo, huachwa njiani. Nayo kompyuta haina sauti. Maneno yake yote ni alama mbili tu, sifuri na moja. Basi kati ya wawili hao, mmoja asiye na sauti na mwingine asiyechukua ila sauti, ilihitajiwa mkalimani. Mkalimani huyo ndiye modemu. Huzitwaa sifuri na moja za kompyuta, akazigeuza kuwa milio ipitayo katika waya. Na mwenziwe aliye upande wa pili huisikia milio ile, akaigeuza tena kuwa sifuri na moja.

Watu wengi walipousikia ule mlio wa modemu, yaani mafilimbi, na mikoromo, na kama mvua inyeshayo juu ya bati, walidhani ni kelele za chombo kibovu. Sivyo. Yale yalikuwa ni maamkizi. Kama vile kwetu watu wawili wakutanapo njiani hawaanzi shauri kabla ya kuamkiana na kuulizana habari za nyumbani, ndivyo na modemu mbili zilivyofanya. Moja husema, "Nipo", nyingine hujibu, "Nami nipo." Kisha huulizana: waweza kunena kwa upesi gani? Waya huu una kelele kiasi gani? Huupima waya, wakapatana upesi ambao wote wawili wauweza, ndipo hunyamaza na kuanza kazi. Waya ukiwa safi, hupatana upesi mwingi. Ukiwa na mikwaruzo, hupatana kwenda polepole. Tangu mwaka 1998 zilikuwapo modemu zenye kufuata kanuni iitwayo V.90, zilizoandikwa kwamba zaweza kupokea alama 56,000 kwa sekunde; lakini huo ulikuwa upesi wa karatasini. Huku milimani, kwenye waya mrefu wa shaba uliopita nguzo kwa nguzo kati ya miti, tulishukuru tukipata 26,400, na siku za mvua tuliridhika na 14,400.

Shule yetu ya misheni, iliyo katika milima ya Usambara, ilipata chombo hicho kwa kuchelewa. Rafiki za shule walileta kompyuta kuukuu yenye Windows 98 na modemu yake, na mwaka 2008, watu wa mijini walipokuwa wamekwisha kuanza kuziacha modemu za namna ile, sisi ndio kwanza tuliamriwa kuisimamisha ofisini. Simu za mkononi zilikuwapo, lakini mtandao wake ulipatikana kwa kupanda kilima nyuma ya kanisa, nao ulitosha kwa kusema tu. Mahali pa kulipia intaneti palikuwa mjini, na njia ya mjini wakati wa masika kila mkaa milimani aijua.

Kuisimamisha kulikuwa na hatua, na hatua hizo tutazitaja, maana ndizo zitakazotufaa mbele. Ya kwanza, waya: wa umeme na wa simu, kila mmoja mahali pake, kwani nyuma ya modemu palikuwa na matundu mawili yanayofanana, moja la kwenda ukutani na moja la kwenda kwenye simu ya mezani. Ya pili, mlio: ukiinua mkono wa simu sharti usikie ule mlio mrefu usemao kwamba simu iko tayari. Ya tatu, kupiga namba: vituo vingine vya simu vilitaka milio, vingine vya kale vilitaka mikato ya umeme kama ya gurudumu la kuzungusha, na modemu isipoambiwa ni ipi, hupiga wala isijibiwe. Ya nne, maamkizi tuliyokwisha kuyaeleza. Ya tano, jina na neno la siri, ili kampuni ya intaneti ijue ni nani abishaye hodi. Ya sita, ile daftari kubwa ya anwani, yaani seva iyageuzayo majina kuwa namba, maana kompyuta hujuana kwa namba, si kwa majina. Ya saba, masanduku ya barua, nayo ni mawili: moja la kupokelea, ambalo mashine hufungua kwa kanuni ya POP, na moja la kutumia, la kanuni ya SMTP.

Katika hatua ya pili tulikutana na jambo la kuchekesha. Sisi tulisikia mlio wa simu wazi, lakini modemu ikashikilia kusema kwamba hakuna mlio. Kumbe haikuwa kiziwi, ilikuwa mgeni. Modemu nyingi zilitengenezwa kuutambua mlio wa nchi nyingine, na wa kwetu ulipokuwa na sauti mbali kidogo, zilikaa zikingoja mlio wa kwao. Dawa yake ni amri fupi, ATX3, maana yake, "Usingoje mlio, piga tu." Amri za namna hiyo zilianza katika modemu ya Hayes ya mwaka 1981, na watengenezaji wengine wengi wakazifuata, hata zikawa kama lugha moja ya modemu zote. Tulipoiandika amri ile, mgeni wetu akaacha kungoja, akapiga.

Katika hatua ya tano tulikaa mchana kutwa. Karatasi tuliyoletewa kutoka mjini ilikuwa na neno la siri ambalo ndani yake herufi l na tarakimu 1 zilipigwa chapa kwa sura moja. Tuliziandika zote kwa zamu, kila mara kwa namna moja tu tofauti na ya kwanza, tukiweka alama katika daftari ni ipi iliyokwisha kujaribiwa. Katika mara ya sita mlango ukafunguliwa.

Tena, matumizi yalitaka nidhamu. Simu ya mbali ililipiwa kwa dakika, na bei haikujali kwamba wewe wasoma barua au umekaa ukifikiri. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Kwa hiyo kanuni ya ofisi ilikuwa hii: barua zote ziandikwe kwanza, waya ukiwa haujaunganishwa, zisomwe, zisahihishwe, zipangwe katika sanduku la kungojea. Ndipo tupige, zitoke zote kwa pamoja, zilizokuja ziingie, na tukate mara moja. Majibu yasomwe kwa starehe baada ya kukata. Karibu na simu palifungwa daftari kwa uzi, na kila aliyepiga aliandika saa ya kuanza na saa ya kukata. Barua ya ukurasa mmoja, yenye herufi 2,000 hivi, hupita kwa sekunde moja na kitu hata kwa ule upesi mdogo wa 14,400. Hivyo shule nzima yaweza kuandikiana na ulimwengu kwa dakika tatu kwa siku, watu wakifuata kanuni.

Sasa tutasimulia habari ya ile barua ya siku nne.

Palikuwa na binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne shuleni kwetu, mwenye alama nzuri, aliyelelewa na bibi yake baada ya wazazi wake kufariki. Chuo kimoja cha uuguzi kilitangaza nafasi chache za wanafunzi watakaosomeshwa bila karo. Maombi yalitakiwa kufika kwa barua pepe, pamoja na nakala za vyeti vitatu, kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Tangazo lilitufikia Jumatatu. Posta isingewahi, na njia ya mjini ilikuwa imekatwa na maporomoko ya udongo, tena bibi hakuwa na nauli. Nakala za vyeti zilikuwapo tayari, zilizopigwa katika duka moja mjini mwezi uliopita, nazo zilikuwa katika kijiti kidogo cha kuhifadhia kazi za kompyuta. Basi binti na bibi yake walishuka kutoka kijijini kwao na kuketi kwenye benchi la ofisi, na kazi ikatuangukia sisi.

Jumatatu ile jioni mvua ilinyesha sana. Jumanne asubuhi tulipopiga, modemu haikuamkia wala haikuamkiwa. Mara shauri likaanza. Mmoja alisema kompyuta imezeeka. Mwingine alisema modemu imeungua kwa radi, na kwa kweli hilo si la kudharauliwa, maana radi hupita katika waya wa simu kama ipitavyo katika waya wa umeme, na mtu mwenye busara huchomoa waya zote mbili aonapo wingu jeusi. Nasi tulikuwa tumezichomoa. Mwalimu Mkuu alitaka kumwita fundi wa kompyuta kutoka mjini, ambaye malipo yake yangemaliza fedha ya chaki ya muhula mzima. Kila mtu aliikazia macho kompyuta, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbele yetu.

Bibi alikuwa akitusikiliza. Akasema kwa upole, "Walimu wangu, mnisamehe mimi nisiyejua kusoma. Maji yasipofika shambani, je, twaipiga miche? Si twapanda kufuata mfereji, hata tuone mahali maji yalipo, kisha tushuke kuangalia yalipopotelea?"

Wengine walicheka, lakini maneno yale yalikuwa na elimu kupita vicheko vyao. Wasomaji wetu wa milimani waijua kazi ya mfereji. Maji hutoka kijitoni, hupita kando ya mlima, huvuka gogo lililochongwa, hugawanywa kwa jirani, ndipo huja kwako. Siku yasipofika, hupati faida kukaa shambani na kulaumu. Wapanda na kutazama: hapa pakavu, hapa pakavu, hapa pana maji. Kosa li katikati ya mahali pa mwisho pakavu na mahali pa kwanza penye maji, wala haliwezi kuwa pengine. Ukilijua hilo huhitaji kukisia.

Basi tukaufuata mfereji wetu. Tulichomoa modemu kabisa, tukaweka simu ya mezani peke yake ukutani, tukainua mkono wake. Kimya. Hapo hapo kompyuta na modemu zilitoka hatiani, kwa kuwa hata simu isiyojua habari za kompyuta haikupata sauti. Tukaenda kwenye kile kisanduku cha ukutani kwa nje, ambapo waya wa kampuni ya simu huingia nyumbani, tukaiweka simu pale. Kimya. Basi waya wa nyumbani nao ukatoka hatiani. Kosa lilikuwa nje, kati ya ukuta wetu na kituo cha simu. Haikuwa kazi ya fundi wa kompyuta. Alihitajiwa fundi wa simu, ambaye shule haimlipi kitu kwa kazi ya namna hiyo. Mwalimu Mkuu alitikisa kichwa, akaifunga sanduku la fedha, akatuma kijana apande kilimani kumpigia simu.

Fundi alifika Jumatano adhuhuri, kwa miguu, matope yamefika magotini. Tulifuatana naye nguzo kwa nguzo. Karibu na daraja tuliona tawi la mti limeangukia waya, na kisanduku cha maungio kimefunguka, kimejaa maji. Akatueleza kwamba nyuzi mbili za shaba hukaa karibu bila kugusana, na maji yakiingia kati yake umeme wa simu huvuja kutoka huu kwenda ule, na sauti hufa. Akazikata nyuzi zilizooza, akaziunga upya, akakausha kisanduku na kukifunika. Alasiri ile simu ililia tena, lakini kwa mikwaruzo, maana, alisema, yako maungio mengine yaliyolowa kidogo ambayo yatakauka yenyewe kwa jua la siku mbili tatu. Siku mbili tatu sisi hatukuwa nazo.

Alhamisi asubuhi tukapiga. Maamkizi yalichukua muda, yakaisha, upesi 14,400. Jina na neno la siri vikakubaliwa. Barua ikaanza kutoka. Baada ya dakika kumi hivi waya ukakatika. Tukapiga tena, baada ya dakika nane ukakatika. Mara ya tatu vivyo hivyo. Na ubaya wa jambo hili ni huu, kwamba barua iliyokatwa katikati haiendelei pale ilipoachia. Huanza tena tangu herufi ya kwanza. Ni kama mchukuzi ambaye kila ateremkapo mtoni hurudishwa nyumbani.

Tukauliza tena swali la mfereji. Maji yalikuwa yakifika wapi? Waya ulikuwa hai, jina lilikubaliwa, anwani zilipatikana, sanduku la kutumia lilifunguka. Hatua zote saba zilipita. Basi hapakuwa na kitu kilichovunjika; ila mzigo ulikuwa mkubwa kuliko daraja. Tukatwaa penseli. Vyeti vile vitatu vilipigwa picha kwa rangi zote, kila doa la karatasi likionekana, na jumla yake ilikuwa megabaiti 3.6. Tena barua pepe haichukui picha jinsi ilivyo. Huigeuza kwanza kuwa herufi, na kwa hiyo mzigo huongezeka kwa theluthi moja. Basi ni megabaiti 4.8, ndiyo alama 38,400,000 na zaidi. Ukizigawanya kwa 14,400, wapata sekunde 2,667 hivi, yaani dakika 44. Nasi waya wetu haukuvumilia hata robo saa. Mtu angepiga mwaka mzima asingefaulu, na daftari ya dakika ingejaa.

Hesabu ilipokwisha kusema, dawa ilikuwa wazi. Yule asomaye cheti chuoni hahitaji kuona rangi ya karatasi. Ahitaji jina, alama, na muhuri. Tuliifungua kila picha katika kompyuta, tukaondoa rangi ikabaki nyeusi na nyeupe na kijivu, tukaipunguza upana hata maandishi yakawa yangali yasomeka, tukaihifadhi upya. Kila cheti kikawa kilobaiti 40 hivi. Vyote vitatu, pamoja na ile theluthi, vikawa kilobaiti 160. Tukagawanya tena: sekunde 89. Dakika moja na nusu! Lililoshindikana kwa nguvu lilikuwa limewezekana kwa kugawanya.

Likabaki jambo moja. Simu ya nyumbani kwa Mwalimu Mkuu ilikuwa katika waya ule ule mmoja wa ofisi, na yeyote ainuaye mkono wa simu kule huingiza sauti yake katikati ya mazungumzo ya modemu, nayo yakavurugika. Kwa hiyo tulichagua saa kumi na moja alfajiri ya Ijumaa, na usiku ule tulimpelekea mama wa nyumba ile salamu za heshima na ombi kwamba simu isiguswe mpaka jua litoke. Yeye, kwa wema wake, alifanya zaidi ya tuliyoomba: aliifunika simu kwa kikapu.

Alfajiri ile palikuwa na baridi na ukungu, na bibi na mjukuu wake walikuwa wamelala kwa mpishi wa shule. Tulipiga. Modemu zikaamkiana. Ule mstari unaoonyesha mwendo wa barua ukaanza kujaa kidogo kidogo, ukasimama katikati, ukakaa hata tukasikia mioyo yetu, ukaendelea, ukajaa. Sanduku la kungojea likawa tupu. Tukakata, tukaandika katika daftari: dakika tatu. Saa nne asubuhi tulipiga tena, na jibu la chuo lilikuwamo, la mstari mmoja, kwamba maombi yamepokewa pamoja na vyeti vitatu, navyo vyasomeka. Tulimsomea bibi mstari ule mara mbili. Hakupiga vigelegele. Alifungua upindo wa khanga yake, akatoa mayai manne, akayaweka juu ya meza karibu na kompyuta, asijue ampe nani, kwani waliofanya kazi walikuwa wengi.

Yule binti aliitwa kwa mahojiano, akapata nafasi, akamaliza masomo yake. Na sasa ni muuguzi. Wala hatusemi kwamba ni kwa sababu ya modemu, la. Alama zilikuwa zake, na juhudi ilikuwa yake. Ila mtu mwenye alama nzuri aweza kukosa nafasi kwa sababu ya tawi lililoangukia waya, ikiwa wote walio karibu naye watakaa wakiilaumu kompyuta.

Tangu siku zile mambo yamegeuka sana. Hapo kwanza habari nyingi za intaneti za nchi zetu zilipanda mpaka kwenye setilaiti, juu kilometa 36,000 hivi, na kushuka tena, hata swali na jibu lake vikachukua kama nusu sekunde njiani, na gharama ikawa kubwa. Mwezi wa Julai 2009 waya mkubwa wa baharini uitwao SEACOM ulianza kazi, ukifika Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata mwingine uitwao EASSy. Ndani yake habari hupita kwa mwanga katika nyuzi za kioo. Minara ya simu za mkononi nayo ikapandwa milimani. Modemu yetu iliwekwa kabatini, na waya wa shaba ukakatwa na wezi sehemu nyingi. Hata huko Marekani, kampuni ya AOL, iliyokuwa na jina kubwa kwa intaneti ya kupigwa kwa simu, ilifunga huduma hiyo tarehe 30 Septemba 2025.

Lakini mifereji haikwisha, imefichwa tu. Siku hizi twamwona kijana ambaye simu yake haileti habari. Huitikisa, huizima, huiwasha, huipiga kiganjani, kisha husema, "Mtandao mbaya," na kwenda kulala. Twamwuliza: Je, simu ya jirani yako yapata? Ikiwa yapata, mnara u mzima, na kosa li kwako. Je, kifurushi chako hakijaisha? Je, programu zote zimekwama, au moja tu? Ikiwa ni moja tu, mfereji wako una maji, na kosa li huko programu ile itokako. Je, barua yenyewe si mzigo mkubwa kuliko daraja? Maswali manne, na katika mara kumi, mara nyingi kosa huonekana kabla ya la nne. Yeye hushangaa, akadhani sisi tu mafundi. Hatukuwa mafundi hata siku moja. Tumefunzwa kupanda mlima.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu wafanye mambo matatu. La kwanza, mtoto asifundishwe kubonyeza tu, bali aambiwe kitu chapitia wapi tangu mkononi mwake hata kwa mwenziwe, hatua kwa hatua, ijapokuwa kwa maneno mafupi. La pili, azoezwe kujaribu jambo moja kwa wakati mmoja, na kuandika alilojaribu. Kwani abadilishaye mambo matano pamoja, hata akipona, hajui dawa ni ipi. La tatu, azoezwe kukadiria kabla ya kupeleka. Wako wanafunzi wengi katika vijiji ambavyo mtandao ungali dhaifu, nao hutakiwa kupeleka vyeti na fomu kabla ya saa fulani. Apunguzaye picha yake mpaka ipite katika daraja alilo nalo atafika, na mwenye picha nzuri kupita zote atabaki ng'ambo akitazama mstari usiojaa.

Nao wazazi tungewaambia neno moja. Msifikiri ya kuwa mambo haya ni ya wasomi peke yao, na kwamba ninyi kazi yenu ni kungoja nje ya mlango wa ofisi. Mtu aliyewahi kufuata maji, au kumtafuta mbuzi kwa nyayo, au kukagua paa livujalo mpaka akaona bati lenye tundu, ana nusu ya elimu hii tayari. Nusu iliyobaki ni majina ya vitu tu, na majina hufundishika. Kosa si pepo, wala si bahati mbaya. Lina mahali pake, na alitafutaye kwa utaratibu, akianza mahali maji yalipo, atalikuta limekaa hapo likimngoja.